Hesabu “mbona”: namna ya kukusanya maoni ya wachezaji wa gemu la mafumbo ya fizikia

Gemu la mafumbo ya fizikia ni lile ambalo mchezaji anaegemeza ubao, anakata kamba, anaachia jiwe libingirike, kisha anasubiri aone. Malalamiko yake yenye uzito ni ya namna mbili. La kwanza: sijui la kufanya. La pili: la kufanya nimelijua, nimelifanya, na gemu limekataa. Mwenye la kwanza hulala nalo akaamka na wazo jipya. Mwenye la pili hulifuta gemu kwenye simu, na wenzake huwahadithia. Tabu ni kwamba ukiwauliza wote wawili watakujibu neno moja: “Gumu.” Wakiwa wamekasirika kidogo: “Linaonea.”

Kuyatenga hayo mawili ndiyo kazi yenyewe. Maelekezo haya ni ya kikundi kidogo, watu wawili watatu wenye kompyuta moja na simu zao, wanaotengeneza gemu la aina hiyo Unguja au Pemba na wanataka watu wa hapa walicheze kabla halijaenda dukani. Mfano tutakaokwenda nao ni levo moja: mchezaji anashusha magunia matatu ya karafuu kutoka gatini hadi ndani ya ngalawa kwa kapi, kamba na ubao, bila ngalawa kupinduka.

Kuandaa toleo la kuchezwa

Usipeleke gemu zima. Levo saba au nane zinatosha kikao cha dakika 25: mbili nyepesi za kuzoeza mkono, tatu au nne unazoziamini, na zile mbili ambazo nyinyi wenyewe mnabishana juu yake. Muziki unaweza kusubiri, lakini sauti za kugonga na kuburuza zitie mapema. Mchezaji hukadiria uzito wa gunia kwa kishindo chake kabla hajaukadiria kwa macho, na gunia lisilo na kishindo litaitwa jepesi hata ukiliongezea uzito mara tatu.

Lifanye gemu lijiandikie daftari. Kila jaribio liwe mstari mmoja: namba ya toleo, namba ya levo, kitu kilichoguswa, mahali na pembe kilipoachiwa, hatua ya fizikia kilipoachiwa (hatua ni kila mara gemu linapopiga hesabu ya mwendo), matokeo, na idadi ndogo kabisa ya fremu, yaani picha za skrini, kwa sekunde iliyofikiwa. Andika namba ya hatua, usiandike saa. Ukiwa na namba ya hatua unaweza kulirudia jaribio lile lile kwenye simu ile ile ukaona alichokiona mchezaji. Ukiwa na saa peke yake utakisia. Mstari wa namna hiyo hauzidi sana baiti 80, kwa hiyo majaribio 300 ni kilobaiti 24, na faili la ukubwa huo linakwenda kwa WhatsApp hata pale mtandao unapochechemea.

Video ni habari nyingine. Kurekodi skrini kwa megabiti 4 kwa sekunde kunakula megabaiti 30 kwa dakika, yaani 750 kwa kikao kimoja cha dakika 25. Bando gani litabeba hiyo mara tano? Hamisha kwa waya, na vikao vilivyofanyika Wete au Mkoani vije Unguja ndani ya flashi na mtu anayesafiri kwa boti. Simu za Android 11 kwenda juu zina kirekodi chake ndani. Kabla ya kuanza washa sehemu ya kuonyesha miguso, la sivyo utaona gunia likisogea usijue kidole kilikuwa wapi. Angalizo moja: kurekodi kwenyewe kunaichosha simu ya bei nafuu na kupunguza fremu, na fremu zikipungua fizikia huweza kubadilika. Simu yenye RAM ya gigabaiti 2 irekodiwe kwa simu nyingine kutoka ubavuni, au utegemee daftari tu.

Namba ya toleo iandikwe pembeni mwa skrini, ndogo, muda wote. Wiki ya tatu utakuwa na matoleo saba na hutakumbuka lipi lililochezwa Chake.

Pa kukaa, na nani wa kumketisha

Baraza ni mahali pazuri pa kumpata mchezaji na pabaya pa kumchezesha. Aliyewahi kusimama Jaws Corner, Mji Mkongwe, watu wakicheza dhumna, au penye bao la kete popote kisiwani, anajua kuwa watazamaji hucheza kuliko wachezaji. Mmoja akipayuka “kata ile kamba ya kulia!”, levo hiyo imekufa kwa kila aliyesikia. Mtoe mchezaji pembeni, ukumbini au dukani kwa mtu, mgongo ukutani ili asisimamiwe nyuma. Waliokwisha kucheza wasikae pamoja na wanaosubiri. Ukishindwa kabisa kuwatawanya watu, fanya kikao kimoja cha makelele kwa makusudi na ukiandike mbali: hicho kinakuonyesha kama gemu linapendeza kutazamwa, lakini juu ya ugumu wa mafumbo hakikwambii kitu.

Angalia na wakati. Watoto wana skuli na wana chuo cha Kurani, kwa hiyo nafasi yao ni finyu na ikikaribia magharibi akili iko nyumbani. Mchana wa Ramadhani usimketishe mtu mbele ya fumbo. Baada ya tarawehe ndio wakati mzuri kuliko wote katika mwaka, watu wako macho na hawana haraka. Kwa mtoto, ruhusa ya mzazi kwanza, na kamera ielekee skrini na mikono, uso uachwe.

Watu watano kwa mzunguko mmoja. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi, aliandika mwaka 2000 kuwa watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo, na kwamba fedha ya watu 15 ni bora igawanywe kwa mizunguko mitatu yenye marekebisho katikati. Kwa mafumbo kanuni hiyo ina nguvu zaidi, maana mchezaji anatumika mara moja tu: akishaijua siri ya levo, hawezi kuisahau kwa faida yako. Kila mzunguko uwe na watu wapya.

Hao watano usiwachukue kwa kuwa wako karibu. Wawili wawe wanacheza magemu kila siku, wawili wawe hawachezi, na mmoja awe anakijua kile kitu ulichokichora. Kama levo yako ina ngalawa, huyo wa tano awe mvuvi, wa Nungwi au wa Kojani. Mchezaji wa magemu ataitazama ngalawa kama sanduku lenye umbo la ngalawa. Mvuvi ataanza na matengo, zile mbao za kuelea ubavuni: yamekaa juu ya maji au yamezama, na mbona chombo kinalala upande mmoja na tengo la upande huo halisukumwi juu. Yeye ndiye atakayekwambia pia kuwa karafuu hupakiwa mashua, ngalawa hazibebi mzigo huo. Hilo nalo ni maoni, liandike.

Kikao chenyewe

Aliyeandika programu asikae pale. Kwetu mgeni hakosolewi kazi yake usoni, na mbele ya mwenye mali utasikia “zuri, mashaallah” mpaka ukome. Akae mwingine wa kikundi, na aseme kweli kwamba kazi si ya mkono wake. Maneno ya kufungulia yawe yale yale kwa kila mtu, yakiwa yameandikwa:

“Gemu hili halijaisha. Tunalijaribu gemu, wewe hatukupimi. Ukikwama, kasoro ni ya gemu. Sema kwa sauti kila unalowaza. Ukiniuliza swali sitakujibu mpaka mwisho, naomba uniwie radhi.”

Kwa mtu mzima tanguliza shikamoo na hali, na hiyo radhi ya mwisho isisahauliwe, maana kunyamaza mtu mkubwa anapokuuliza ni utovu wa adabu pasipo maelezo. Baada ya hapo nyamaza kweli. Dakika tatu za mtu kukwama ni ndefu mno kwa anayetazama, mkono utakuwasha uoneshe. Vumilia. Zikipita tatu bila jaribio jipya, toa kidokezo kimoja, andika dakika uliyokitoa na maneno uliyoyatumia.

Sasa swali ambalo ndilo kiini cha kikao. Katika levo zile mnazozibishania, kuanzia jaribio la tatu, mchezaji anapokaribia kuachia kitu muulize: “Ukiachia hapo, itakuwaje?” Andika jibu kwa maneno matatu manne. Halafu aachie. Usiulize kila mara, itageuka mtihani na atakuwa anakukisia wewe badala ya kukisia gemu.

Majibu yataangukia mafungu manne. Alisema litafika, likafika: levo inafanya kazi. Alisema sijui, akaachia tu: hajaelewa zana, levo za mwanzo hazikumfundisha. Alisema litafika, halikufika: hapa ndipo pa kuchimba, kwa sababu ama kichwa chake kimebeba kanuni tofauti na yako, ama fizikia yako imeteleza. Fungu la nne husahauliwa: alisema halitafika, likafika. Amepita kwa bahati. Huyu hatalalamika, na daftari litamhesabu kuwa amefaulu, lakini hana furaha yoyote ya kupita na levo inayofuata itamvunja. Levo ambayo wawili kati ya watano wameipita hivyo iko wazi mno. Funga njia hiyo, au ifanye iwe njia ya halali yenye kuonekana.

Mwishoni uliza matatu tu: levo gani ilikuudhi, kipi kilikushangaza, na ukimfundisha nduguyo gemu hili utamwambia nini. Hilo la tatu ndilo lenye mavuno. Akisema “mwambie asiweke gunia karibu na ukingo, linateleza”, umejua kanuni aliyoijenga kichwani, nayo huenda si kanuni uliyoiandika. Swali la “umelipenda?” liache, jibu lake unalo tayari.

Maneno ya kusikiliza

Kiswahili kinakupa kipimo cha bure. Mtu anayeuliza “kwa nini” anatafuta maelezo. Anayesema “mbona” alikuwa na tarajio, na tarajio limevunjwa. “Mbona limerudi nyuma?” “Mbona kamba imekatika?” Kila “mbona” ni fungu lile la tatu likijitaja lenyewe. Chora mstari kwenye karatasi kila unapoisikia, pamoja na namba ya levo na kitu kilichotajwa. Watatu kati ya watano wakisema “mbona” juu ya kitu kimoja, kazi ya kesho imepatikana.

“Sasa?” na “nifanyeje?” ni za fumbo, wala si za fizikia. “Lo, kidogo tu!” ni habari njema, amekosa kwa unywele na atajaribu tena. “Aka!” inategemea mkono: ikifuatwa na kidole kubonyeza upya papo hapo, mtu yumo mchezoni; ikifuatwa na simu kushushwa mapajani, unampoteza. “Haya” ya polepole, baada ya kufaulu, ni dalili ya kupita kwa bahati.

Kutoka kwenye lalamiko hadi kwenye sababu

“Jana ilikubali, leo inakataa.” Mara nyingi mchezaji hajakosea hata kidogo. Tazama kwanza kama nguvu zako zinatiwa kwenye hatua ya fizikia au kwenye fremu ya picha. Unity, programu ya kutengenezea magemu, hupiga hatua ya fizikia kila sekunde 0.02, yaani mara 50 kwa sekunde. Godot, programu nyingine ya namna hiyo, mara 60. Picha huenda kwa kasi yake yenyewe. Ukiisukuma ngalawa kwa upepo ndani ya msimbo unaopigwa kila fremu, simu ya fremu 60 itaisukuma mara mbili ya simu ya fremu 30. Na simu hubadilika siku hiyo hiyo: ikae juani Forodhani saa nane mchana mwangaza ukiwa juu kabisa, itapata moto na kujipunguzia kasi. Ndiyo maana kila levo ijaribiwe mara mbili, simu ikiwa baridi na ikiwa imechezwa dakika 20 huku inachajiwa.

Kama hatua ziko sawa, pengine levo yenyewe ni nyembamba mno. Chukua suluhisho lako, lifanye gemu lilirudie mara 20 likibadilisha pembe ya kuachia kidogo kidogo, kutoka digrii 2 chini hadi digrii 2 juu. Kidole cha mtu hakina usahihi zaidi ya huo. Likifaulu chini ya mara 16, upanue mlango: ukingo wa ngalawa uinuke, ubao uwe na msuguano zaidi, au gunia lipunguziwe mdundo. Namba 16 ni kadirio la kazi tu, lakini ukishuka hadi 10 “mbona” zitamiminika.

“Limepita ukutani.” Hii ni hesabu tupu. Jiwe linakwenda mita 30 kwa sekunde, hatua ni 60 kwa sekunde, kwa hiyo kila hatua linaruka nusu mita. Ukuta wako una unene wa sentimita 10. Hatua moja jiwe liko huku, inayofuata liko kule, na injini, yaani programu inayopiga hesabu ya fizikia, haikuona mgongano wowote. Box2D, injini ya Erin Catto ambayo ndiyo iliyomo ndani ya fizikia ya pande mbili ya Unity na ndiyo iliyotumika katika Angry Birds, gemu la kurusha ndege la mwaka 2009, ina njia ya kufuatilia mwendo mzima kati ya hatua na hatua. Kwa Unity badilisha ugunduzi wa mgongano wa kitu hicho uwe endelevu, maana hauji hivyo wenyewe. Godot pia ina swichi yake, nayo huja imezimwa. Washa kwa vitu vya kasi tu, kwa sababu vyote vikiwashwa simu ndogo italemewa. Mara nyingi dawa rahisi zaidi ni kuunenepesha ukuta kwa upande usioonekana.

“Vinatetemeka.” Magunia matatu yamepangwa, hayajaguswa, na yanacheza kama yana majini. Sababu ya kwanza ni kizito juu ya chepesi. Uthabiti wa Box2D hupungua uwiano wa uzito ukivuka 10 kwa 1, kwa hiyo gunia la kilo 50 juu ya kikapu cha kilo 2 litatetemeka hata ufanyeje. Danganya: kikapu kipe kilo 8, mchezaji hana mizani. Sababu ya pili ni ukubwa. Box2D imepimwa kwa vitu vinavyosogea vya kati ya mita 0.1 na 10. Aliyeifanya pikseli moja kuwa mita moja ana gunia la mita 80, na hapo ndipo linapoanzia lalamiko jingine.

“Linaelea kama puto.” Mchezaji atakwambia uongeze uzito wa gunia. Ukiongeza hakitabadilika kitu, kwa sababu kizito na chepesi huanguka kwa kasi moja. Angalia kimo. Kitu huanguka mita 5 kwa takriban sekunde 1. Mita 50 kwa sekunde 3.2. Kama urefu wa skrini yako ni mita 50, gunia litachukua sekunde tatu na zaidi kushuka kutoka juu hadi chini, na jicho litasema ni puto. Punguza vipimo mpaka skrini iwe mita 5 hadi 10. Kama umechelewa na levo 30 zimeshajengwa, ongeza nguvu ya mvutano badala yake, lakini ujue kila suluhisho utalijaribu upya.

“Nimefanya vile vile.” Hakufanya vile vile, daftari litakuonyesha tofauti ya digrii nne. Usimwambie. Mchezaji hana njia ya kuiona tofauti hiyo, na hiyo ndiyo kasoro. Angry Birds huacha alama za njia ya ndege aliyetangulia hewani, basi ukirusha wa pili unajua ulikokosea. Weka kivuli cha jaribio lililopita, chenye rangi hafifu, kwa gunia na kwa ubao. Njia nyingine ni kuzifanya pembe zinase kila digrii 5. Hiyo inaondoa ugomvi wote, lakini inaondoa pia ladha ya kukadiria kwa jicho. Itumie kwenye levo za fikra, usiitie kwenye levo za shabaha.

“Kidole kinaziba.” Kitu cha kugusa kiwe na upana wa angalau milimita 9, kipimo kinacholingana na kile cha dp 48 (dp ni kipimo cha skrini cha Android) ambacho Google huwashauri watengenezaji. Umbo la kuonekana libaki dogo ukitaka, eneo la kugusa ndilo lipanuke. Kinachoburutwa kiinue juu ya kidole kwa sentimita moja na nusu hivi.

“Ngalawa haipinduki hivyo.” Hapa yumo yule mvuvi, na anasema kweli. Kosa la kawaida ni kuichora ngalawa ikiwa na matengo na kuipa injini sanduku moja lenye kiini cha uzito katikati. Tia maumbo matatu, mtumbwi na matengo mawili, kila moja lipate nguvu yake ya kuelea kwa kadiri lilivyozama, na kiini cha uzito kishuke chini ya usawa wa maji. Sasa itakuwa imara mno, fumbo litakufa, kwa sababu matengo yamewekwa ili chombo kisipinduke. Amua: ubadilishe chombo kiwe kihori au mtumbwi mtupu, ambavyo kweli hupinduka, au uvunje tengo moja na fumbo liwe juu ya hilo. Njia hii ya pili imetoka kwa lalamiko, na ni levo bora kuliko ya mwanzo.

“Nangoja sana.” Pima sekunde tangu aliposhindwa hadi alipoweza kujaribu tena. Zaidi ya moja ni nyingi. Kitufe cha kuanza upya kikae mahali pamoja muda wote, pasiwe na “una uhakika?” World of Goo, gemu la mwaka 2008 lililoundwa na Kyle Gabler na Ron Carmel, huweka wadudu wadogo hewani ambao ukiwagusa unarudi hatua moja nyuma, hivyo mnara uliojengwa dakika kumi haupotei kwa kidole kimoja kilichoteleza. Kama vitu vyako vinachukua muda kutulia, weka kitufe cha kuharakisha, lakini kiharakishe kwa kupiga hatua nyingi zaidi kwa fremu. Ukirefusha hatua yenyewe umeibadilisha fizikia, na suluhisho lililofaulu polepole litashindwa haraka haraka.

Kipi kwanza

Mafungu ya “mbona” yatangulie, ugumu ufuate. Levo ngumu isiyoonea huachwa kama ilivyo mpaka mzunguko wa pili, kwa sababu nusu ya ugumu huo huyeyuka kasoro za fizikia zikiondoka. Badilisha jambo moja kwa toleo. Ukiongeza msuguano na kupunguza uzito kwa pamoja hutajua kipi kilichoponya. Na andika maumivu ya mchezaji, dawa yake iweke pembeni. Akisema “ongezeni kamba”, lililoumia ni pale gunia lilipokwama nusu ya njia. Kamba ni tiba aliyoibuni yeye.

Maoni ya dukani

Kabla gemu lako halijapata hata neno moja, yasome maoni ya magemu yanayofanana nalo. Steam, duka la magemu ya kompyuta, huonyesha saa alizocheza kila mwandishi. Soma ya walioshindwa kulipenda peke yake, uwapange kwa saa. Duka hilo hurudisha fedha kwa aliyecheza chini ya saa 2 ndani ya siku 14 tangu anunue, kwa hiyo mwenye dakika 40 analalamikia levo za kufundisha na vidhibiti; mwenye saa 9 analalamikia nusu ya pili, na mara nyingi analipenda gemu kuliko anavyojua. Lebo ya jumla hukwambia kidogo. Gemu lenye asilimia 75 za waliopenda linaitwa “Mostly Positive”, yaani wengi wamelipenda, lakini robo iliyobaki yaweza kuwa yote imekwama levo moja.

Kwa Google Play kuna mlango unaokulazimisha kukusanya maoni utake usitake. Ada ya akaunti ni dola 25 mara moja, na akaunti mpya ya mtu binafsi inatakiwa kwanza iwe na wajaribu 12 waliojiunga siku 14 mfululizo ndipo iruhusiwe kutoa gemu kwa watu wote. Siku 14 hizo usizipoteze kwa kuwabembeleza jamaa wabonyeze kitufe cha kujiunga. Waandikishe wale waliocheza mizunguko ya mwanzo, kwa kuwa kwa levo mpya wao bado ni wageni. Chukua 15 au 16, maana wawili watabadilisha simu na mmoja ataliondoa gemu apate nafasi ya picha za harusi.

Anayekuandikia dukani “gemu bovu levo ya 7 haipitiki” mjibu kwa swali moja analoweza kulijibu: “Ahsante sana. Ulipoachia gunia la tatu, liliteleza au ngalawa ililala kwanza?” Akijibu liliteleza, tazama msuguano wa ubao. Akijibu ililala, kamuulize mvuvi.